Mvumo Katika Moyo wa Malkia

Upanga, Dar es Salaam
9 Machi 1975

Mdogo wangu Klara,

Natumaini Mpwapwa hamjambo na wanafunzi wako wa chuo cha mifugo hawakusumbui. Hapa mvua zimeanza, na kule Jangwani watu tayari wanahamisha magodoro. Mimi mzima. Jina langu limo kati ya yale yaliyopelekwa wizarani kwa masomo ya magonjwa ya moyo ng'ambo. Usimwambie mama bado, mpaka jibu litoke.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Juzi nilifanya kazi yako. Unamkumbuka Bwana Aristides, meneja wa ghala la shirika kule Gerezani, ambaye wewe ulikuwa unamwangalizia mbwa wa ulinzi kabla hujahamishwa. Siku hizi anakaa ghorofa ya juu yangu. Alikuja akalalamika kwamba tangu uondoke hana wa kumsaidia, na mbwa mmoja anamtia wasiwasi. Akasema moyo ni moyo, twende ukamsikilize. Nikaenda na kipimo changu cha kusikilizia moyo.

Yule dume mkubwa, Chuma, ana moyo mbovu kabisa. Unakimbia, unachelewa, unakimbia tena. Mtu mzima mwenye mapigo ya namna ile ningemlaza wodini siku hiyo hiyo. Nikaandika kwamba hafai kazi. Yule jike kijana, Malkia, nikaandika kwamba ni mzima. Mtunzaji wao, Mbaruku, alitaka kubishana nami, Aristides akamwambia anyamaze mbele ya daktari.

Kwa hiyo usiringe tena na taaluma yako. Siku moja tu nimeimaliza.

Kaka yako,
Augustino Bakili


Mpwapwa
17 Machi 1975

Kaka Augustino,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea posta nikiwa nimesimama, na sikucheka.

Moyo wa mbwa mzima, akiwa ametulia, hauendi sawa. Akivuta pumzi unaharakisha, akitoa pumzi unapunguza mwendo. Hiyo ndiyo afya yake. Ungetazama mbavu zake huku unasikiliza ungeona mwenyewe kwamba mapigo yanafuata pumzi. Kwa mtu mzima kitandani ungekuwa na haki ya kushtuka. Huyu ni mbwa, kaka. Nenda leo Gerezani. Mwambie Bwana Mbaruku amkimbize Chuma kuzunguka ghala, kisha msikilize papo hapo. Mapigo yatakuwa ya haraka na yatalingana kama ya saa. Mwache apoe, yataanza tena kucheza na pumzi. Moyo mbovu hauwezi kufanya hivyo.

Na Malkia! Pigo la kwanza, pigo la pili, na kati yake panatakiwa kuwe kimya. Kwa Malkia hapana kimya. Pana mvumo, kama maji yanayopita kwenye mpira uliokanyagwa, kwa sababu njia ya damu inayotoka moyoni mwake ni nyembamba tangu alipozaliwa. Alivyokua, mvumo nao ukakua. Mwezi nilioondoka nilikuwa naweka kiganja chini ya kwapa lake la kushoto na nauhisi unatetemeka mkononi. Nilimwambia Aristides kwa mdomo wangu, na Mbaruku alikuwepo: huyu asikimbizwe, asipangiwe zamu, siku atakayoshtuka akataka kumrukia mtu ataanguka.

Wewe umeandika kwamba ni mzima. Ulisikiliza nini?

Aristides hakukosa daktari wa mifugo. Ofisi yao iko mjini, anaijua. Alimtaka mtu asiyejua mbwa. Akakupata wewe. Mbwa anayeweza kazi ameondolewa, na asiyeweza ameachwa na mali yote ya ghala. Jiulize ni kwa nini.

Nenda ukafute ulichoandika kabla Chuma hajapigwa risasi.

Klara


Upanga
28 Machi 1975

Klara,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani labda imeandikwa na mtu mwingine. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kukupeleka zahanati ya misheni. Hujawahi kunijibu hivi, na leo unaniuliza nilisikiliza nini kama mwanafunzi aliyefeli.

Huyo Chuma alipigwa risasi kesho yake baada ya mimi kwenda, kwa hiyo hakuna wa kukimbizwa. Kuhusu mengine, habari zimekukimbia. Ghala limeibiwa. Vitenge na sabuni vimekwenda, shehena nzima, na mlango haukuvunjwa. Aliyekuwa zamu ni huyo Mbaruku wako. Walipofika asubuhi walimkuta Malkia amelala chini hana nguvu, hata kubweka hawezi. Polisi wamemkamata Mbaruku kwa kumpa mbwa dawa ya usingizi na kuwafungulia wenzake. Mbwa mzima haanguki hivi hivi. Sasa unaona nani alikuwa na sababu ya kubisha siku ile.

Aristides amekuwa mwungwana. Amesema hatanihangaisha mahakamani, karatasi yangu inatosha. Nakuomba nawe usinihangaishe. Orodha ya masomo inapitiwa mwezi huu na watu wanatafuta sababu ndogo tu ya kukata majina.

Kaka yako,
Augustino


Mpwapwa
5 Aprili 1975

Kaka,

Sikulala.

Unaelewa ulichoniandikia? Yule mtu yuko rumande kwa sababu ya karatasi yako. Kama Malkia ni mzima, basi amepewa dawa. Kama Malkia ni mgonjwa, basi ameanguka mwenyewe, kama nilivyomwambia Aristides kwamba ataanguka, na Mbaruku hana kosa. Kesi yote imesimama juu ya neno lako moja, na neno lako ni la uongo. Sisemi ulitaka kudanganya. Nasema ni uongo.

Nimeandika polisi na nimemwandikia Aristides. Ningekuja mwenyewe, lakini mvua imekata reli hapa Gulwe, treni hazipiti, na barabara nayo ni matope matupu. Wewe unaweza kwenda kwa miguu. Malkia bado yupo. Nenda ukamsikilize upande wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, mshike mdomo aufunge ili kuhema kusifunike sauti. Kisha nenda polisi.

Usinikumbushe nani alimbeba nani.

Klara


Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo
20 Aprili 1975

Kwa Dada Daktari Klara,

Salaam. Hunijui. Naitwa Tatu, mke wa Mbaruku Zahoro aliyekuwa anawatunza mbwa wa ghala. Anwani yako nimepewa na mume wangu nilipokwenda kumtazama rumande. Kuandika nimejifunza darasa la watu wazima, kwa hiyo nikikosea usinicheke, na kama utacheka, cheka.

Mume wangu anakusifu. Anasema wewe ukiwepo haya yasingetokea. Mimi sikusifu. Aliyeandika karatasi ni kaka yako wa tumbo moja. Watu hapa mtaani wanasema mlipanga, dada aondoke kaka aingie. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mume wangu amekonda, na mimi nina mimba kubwa ya mtoto wetu wa kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja.

Sisi ni watu wa hapa hapa, nyumba yetu ni ya kuswali. Mume wangu alipopata kazi ya mbwa ndugu zake waliacha kula kwetu. Akawa anaacha nguo zake za kazi huko huko ghalani, anajitahirisha, ndipo anarudi nyumbani. Hakujibizana na mtu. Alisema ni kazi, na wale ni viumbe. Leo wanaomsema wanasema mbwa ndio waliomponza.

Aliniambia ilivyokuwa. Alisikia mlango wa nyuma unafunguliwa kwa ufunguo. Akamfungua Malkia. Malkia akaruka hatua chache, akaanguka kama mtu aliyepigwa nyuma ya kichwa. Mume wangu akapiga filimbi, hakuna aliyekuja. Akapigwa rungu la bega. Hayo yote aliyasema polisi, wakamwuliza mbona daktari ameandika kwamba mbwa ni mzima.

Kama kweli unajua huyo mbwa ni mgonjwa, mbona umekaa kimya?

Tatu binti Seifu


Mpwapwa
29 Aprili 1975

Bi Tatu,

Salaam, na pole ambazo najua hazikusaidii.

Sikunyamaza. Nimeandika polisi, nimemwandikia Aristides, nimemwandikia kaka yangu mara mbili. Polisi wamenijibu kwamba mimi sikumwona mbwa huyo tangu nilipohama, hivyo maneno yangu ni ya zamani. Wanamwamini aliyemwona karibuni, naye ni kaka yangu. Ndivyo walivyonifunga mdomo. Reli bado imekatika.

Hatukupanga kitu. Lakini sikulaumu kwa kudhani hivyo, nami ningedhani.

Nakuambia unachopaswa kukijua ili mtu asikudanganye. Malkia ana mvumo moyoni. Daktari yeyote akimsikiliza kwa makini ataukuta, hata wa binadamu. Hautoki kwa dawa ya usingizi, wala dawa haiwezi kuuleta. Mtu mmoja mwenye kuaminika akiusikia na kwenda kusema, kesi imekwisha. Nampigia kelele kaka yangu awe mtu huyo. Hajanijibu.

Klara Bakili


Upanga
6 Mei 1975

Klara,

Umefanya jambo ambalo adui yangu asingenifanyia. Umenitumia mwanamke mjamzito na mbwa mlangoni, mchana, majirani wote barazani, Aristides akiwa dirishani juu. Alikaa kwenye ngazi mpaka nikarudi kutoka kazini. Watoto wa watu wamezunguka kama wanatazama mazingaombwe. Nimefedheheka.

Unaniuliza kama nilimsikiliza mbwa. Alikuwa amechoka, anahema. Katika hali ile hakuna daktari makini anayeweza kutoa uamuzi. Sina zaidi.

Nakukataza kumwandikia tena yule mwanamke.

Augustino


Kariakoo
8 Mei 1975

Dada Klara,

Nilipopata barua yako niliisoma, nikavaa viatu. Nilikwenda kwa Mzee Mgeni anayelinda geti la ghala. Alisema mbwa amewekwa tu, amri ya kumwua bado haijatoka. Nikamwambia nipe. Akanitazama tumbo, akanitazama uso, akamfunga kamba akanipa. Mkono nilikuwa nimeuzungushia khanga kuukuu. Tangu nizaliwe sijawahi kushika mbwa.

Tulipita katikati ya Kariakoo, pale soko jipya linapojengwa, watu wakaacha biashara zao wakatutazama. Mwanamke mmoja anayenijua aliuliza kama nimerukwa na akili. Nikaendelea kutembea. Malkia kila akitembea kidogo anakaa chini. Ulimi wake ulikuwa umeingia rangi ya zambarau. Nikawa namngoja. Mimi na tumbo langu, yeye na moyo wake, tukaenda hivyo hivyo mpaka Mnazi Mmoja, tukavuka, tukafika Upanga.

Kaka yako alipokuja alitaka kunipita. Nikamwambia, "Bwana Daktari, huyu ndiye mbwa mzima uliyemwandika. Msikilize."

Akasema malalamiko yapelekwe polisi.

"Polisi wanayo karatasi yako," nikamwambia. "Mimi nimekuletea mbwa."

Watu walikuwa wanatazama. Akatoa kipimo kwenye mkoba. Dada, nilimwona anaogopa. Alimwendea Malkia kwa upande, mkono mbele kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Malkia hakuwa hata na nguvu ya kumnung'unikia. Akaweka kipimo upande wa kushoto. Akakihamisha kidogo. Kisha hakukihamisha tena. Alichuchumaa pale muda mrefu, halafu akaondoa mipira masikioni, akaweka kiganja chake kwapani mwa mbwa, akakiacha pale.

Nikamwuliza, "Unasikia nini?"

Akasema, "Mrudishe. Asitembezwe juani."

Basi. Akaingia ndani akafunga mlango. Mimi sijui udaktari, lakini uso wa mtu aliyekuta jambo naujua. Alisikia, dada. Alisikia na akafunga mlango.

Nilipomrudisha Malkia nilipumzika pale kwa Mzee Mgeni, kisha nikaosha mkono kwa maji na udongo kama dini inavyotaka. Kesi ni tarehe mbili mwezi ujao.

Tatu


Mpwapwa
15 Mei 1975

Augustino,

Sikumtuma. Bi Tatu alikwenda mwenyewe, na mimi sikuwa na akili wala ujasiri wa kulifikiria jambo lile. Ameniandikia yote. Ameniandikia hata kiganja chako.

Ulipokwenda ghalani mara ya kwanza hukujua, na kutojua nilikuwa tayari kukusamehe. Ningekutukana wiki mbili tatu kisha ningekusamehe, kwa sababu hakuna aliyekufundisha mbwa. Sasa unajua. Umeusikia mvumo kwa masikio yako, umeushika kwa mkono wako, na umeniandikia mimi, mimi niliyekuambia mahali pa kuweka kipimo, kwamba mbwa alikuwa anahema.

Unataka kwenda kusomea moyo. Wa nani? Wale watakaokuja kwako baadaye, watu wazima wenye vitambulisho na majina, utawaandikia nini siku ambayo jirani wa juu ataomba uandike vingine? Mbaruku hana mtu ghorofani. Ana mke mwenye mimba aliyemkokota mbwa mji mzima kwa sababu wewe ulishindwa kutembea kutoka Upanga hadi Gerezani.

Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua, na nakiuliza wazi. Mvumo ule si mdogo. Hata ungekuwa umeziba sikio moja ungeusikia siku ile ya kwanza. Ilikuwaje usiusikie?

Nenda mahakamani tarehe mbili. Usipokwenda, mimi nitakuja Dar reli ikitengenezwa, na nitasimama nje ya hospitali yako niwaambie wagonjwa wako mmoja mmoja.

Klara


Kariakoo
4 Juni 1975

Dada Klara,

Mume wangu yuko ndani amelala. Nakuandikia nikiwa mlangoni ili niwazuie watu wasimwamshe.

Malkia hakuifikia kesi. Mzee Mgeni alimkuta amekufa wiki moja kabla, akamzika nyuma ya ghala. Niliposikia nilijua tumekwisha. Hata kama mtu angetaka kumsikiliza, hayupo tena.

Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma. Waliisoma karatasi. Aristides alisimama, shati jeupe, akasema yeye si daktari, aliwaamini wataalamu. Akasema barua zako ni za mtu mwenye chuki naye kwa kuwa ulihamishwa. Hakimu alikuwa anakaribia kufunga faili nilipomwona kaka yako mlangoni. Koti lake la hospitali hakulivua. Akaomba kusema.

Alieleza mambo ya Chuma, kwamba moyo wa mbwa hufuata pumzi na yeye hakulijua hilo. Watu wakacheka kidogo, hakimu akawanyamazisha. Kisha akaeleza alichosikia kwa Malkia pale Upanga, akasema mbwa yule kuanguka hakukuhitaji dawa ya mtu. Mwendesha mashtaka akasimama. Akamwuliza, kama mvumo ni mkubwa kiasi hicho, mbona siku ya kwanza hakuusikia? Aliweka kipimo wapi? Alisikiliza kwa muda gani?

Hakimu akamwambia kaka yako ajibu.

Akasema, "Sikumsikiliza. Alinionyesha meno nikaogopa. Bwana Aristides akaniambia huyo hana neno, andika tu mzima. Nikaandika."

Dada, sikiliza. Nilikuwa namwombea aje. Alipokuja na kusema hivyo nilitaka kuruka benchi nimkamate shingo. Sikumsikiliza! Mume wangu amelala sakafuni miezi yote ile, bega lake halijapona sawa, mtoto wetu amezaliwa wiki mbili zilizopita baba yake hayupo wa kumwadhinia sikioni, akaadhiniwa na jirani. Yote kwa sababu mwanaume mzima aliogopa mbwa akaona haya kusema.

Mume wangu ameachiwa hapo hapo. Aristides aliulizwa maswali mawili matatu, akajibu hakumbuki. Jana nimesikia amehamishwa mkoa mwingine, na kule amepewa ghala kubwa zaidi na gari. Polisi wanasema wizi bado unachunguzwa. Shirika limemwambia mume wangu kwamba kwa kuwa hakuna mbwa tena, hakuna haja ya mtunza mbwa.

Basi hiyo ndiyo haki yetu. Nimefurahi, na nina hasira nashindwa kula.

Mtoto ni wa kike. Anaitwa Mboni.

Tatu


Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo
22 Juni 1975

Kaka Augustino,

Ndiyo, nipo Dar. Nimefika kwa treni Alhamisi na nimefikia kwa Bi Tatu, chumba cha uani. Kutoka hapa hadi kwako ni matembezi mafupi tu na sijaja.

Barua yako ya mwisho ilinifikia siku ninayoondoka Mpwapwa. Unaniambia jina lako limekatwa kwenye orodha ya masomo, na kwamba Aristides kabla ya kuhama alizungusha habari jengo zima kuwa wewe ni daktari wa kuogopa mbwa. Unaniambia ulisema kweli na umelipia, na unangoja mdogo wako akwambie neno jema.

Neno jema sina. Ulisema kweli baada ya kusukumwa na watu wote wenye nguvu ndogo kuliko zako. Nafurahi ulikwenda. Nilipoisoma habari ya mahakamani nililia, kwa sababu najua mtu kama wewe kusema neno lile mbele ya watu ni kama kuvuliwa nguo. Lakini sitakupongeza. Ungeweza kulisema Machi, mimi peke yangu nikusikie, ukiwa umekaa kwenye kiti chako, na Chuma tu ndiye angekuwa amekufa.

Hasira yangu kwa Aristides haina pa kwenda. Nimekwenda shirika, wamenizungusha ofisi baada ya ofisi, mwisho karani akaniuliza kama mimi ni ndugu wa mbwa. Nimekwenda polisi. Nimekwenda ofisi ya tawi ya Chama, mwenyekiti amenisikiliza vizuri, ameniagizia chai, na ameniambia mambo haya ni mazito. Kwa hiyo leo hasira yote imekuja kwako, hata ile isiyokuwa yako, na sijali.

Nimekaa na Bwana Mbaruku. Hakuniuliza habari zako. Aliniuliza habari za Chuma, kama alisikia maumivu. Anasema Chuma ndiye aliyemfundisha yeye kazi, na kwamba siku walipokuja kumchukua alimfuata mwenye bunduki mwenyewe, bila kuvutwa, kwa kuwa aliamriwa.

Kesho jioni narudi Mpwapwa. Usije stesheni. Ukitaka tuendelee kuandikiana, njoo kwanza hapa, kwa miguu yako, mimi nikiwa nimeshaondoka, umwombe radhi mtu huyu nyumbani kwake. Usije ili mimi nione. Nyumba ni ya tatu kutoka kona ya Mtaa wa Sikukuu, mlango wa kijani.

Klara


Kariakoo
13 Julai 1975

Dada Klara,

Sisi wazima. Mboni ananenepa. Mume wangu amepata kibarua kwenye ujenzi wa soko, anabeba kokoto kwa bega moja zima. Nimemkataza, hasikii.

Kaka yako alikuja. Alikuja Jumapili iliyopita, jua kali, peke yake. Mimi nilikuwa nafua uani nikasikia mtu anabisha hodi kwa sauti ndogo kama anaomba tusisikie. Nilipomwona nilirudi kufua. Mume wangu ndiye aliyemkaribisha.

Hakutaka kukaa. Alisimama hapo hapo mlangoni, akasema maneno yake. Alianza na maneno makubwa ya kisomo, mume wangu akawa anamsikiliza tu, basi yakamwishia. Mwisho akasema, "Bwana Mbaruku, nilikuona unataka kuniambia kitu siku ile, na nilifurahi ulipoambiwa unyamaze."

Mume wangu akamshika mkono akamketisha. Akamwambia yamepita. Dada, wewe unamjua alivyo, anaweza kumsamehe hata aliyemvunja bega. Wakakaa. Wakazungumza habari za Chuma mpaka adhana ya alasiri, mume wangu anaeleza alivyokuwa, kaka yako anauliza. Aliuliza kama anaweza kuja tena kumtazama bega, atamtafutia mtu wa mifupa hospitalini. Mume wangu akasema karibu wakati wowote.

Aliponiaga mimi nilikuwa bado nina povu mikononi. Alisimama akingoja niseme. Nikamwambia hivi: mume wangu amekusamehe kwa nafsi yake, hiyo ni haki yake. Mimi nafsi yangu bado. Nilimzaa mtoto yule peke yangu. Akasema, "Najua, Bi Tatu." Sikumsindikiza.

Anakuja tena kesho kutwa kwa ajili ya bega. Mlango nitamfungulia, kwa ajili ya bega. Chai atamiminiwa na mume wangu.

Tatu binti Seifu